Jiwe Lisilofagiwa

Uwanja wa soko, pale katikati ya jiji, ulikuwa na mawe mia mbili na manane, na aliyeyajua yote kwa tabia alikuwa mtu mmoja tu, mfagiaji. Wenyewe sokoni walimwita Bibi Chelewa kwa ajili ya fagio lake la chelewa, si kwa kuchelewa. Kuchelewa hakukujua. Kwa miaka arobaini na mmoja jua halikuwahi kumkuta kitandani, na marehemu mumewe alikuwa akilalamika kwamba yeye ameoa mke wa jioni tu, wa alfajiri ameolewa na jiji.

Mawe yenyewe hayakuwa na fahari ya kutazamwa. Jiji siku hizi lina majumba ya vioo yanayomeremeta kama sufuria mpya, lakini hujasikia maharusi wamekwenda kupiga picha kwenye vioo. Walikuja uwanjani, bibi harusi akishika gauni lisiburuzike kwenye maganda, wakasimama katikati ya mafungu ya nyanya. Wageni wenye kofia pana nao walikuja kununua kijiko kimoja cha mti, wakakaa nusu siku. Ukiwauliza wanafuata nini, hawajui. Bibi Chelewa alijua. Mguu una wivu wake: hupenda kukanyaga palipokanyagwa na wengi.

Ukutani kwa ofisi ya soko palikuwa na kibao cha shaba kilichosema uwanja ulijengwa na mkuu wa mji wa zamani, na picha yake ipo, na masharubu. Watu wa soko walikipita kibao hicho kama unavyompita mlevi anayejitambulisha. Walichokijua wao ni walichoambiwa na bibi zao, kwamba hapo palikuwa tope. Mvua za mwaka mmoja, mama mjamzito aliyekuja kuuza mkaa alizama hadi kiunoni. Wakati wenzake wanamvuta, akajifungua mle mle topeni. Mtoto alitoka mzima, mama akatoka maiti. Kesho yake soko halikufunguliwa. Wanawake walishuka mtoni, na kila mmoja akapanda na jiwe kichwani. Jiwe ulilolibeba ndilo lako, utakaa hapo, atakaa mwanao, na mwana wa mwanao. Mkuu wa mji alifika mwisho, mawe yakiwa yameshalala mahali pake, akasimama juu yake akapigwa picha. Masharubu yalitokea vizuri.

Kwa hiyo uwanjani hapakuwa na hati wala mhuri. Hati ilikuwa jiwe. Kila mwenye jiwe alifika asubuhi na chaki akaandika bei ya siku hiyo mbele ya miguu yake, na kila alfajiri mfagiaji alipita na kitambaa kibichi akaifuta, kwa sababu bei ya jana haiuzi leo. Jiwe likipitisha siku tatu bila bei, ni la atakayeliokota. Na kulikuwa na jambo moja halifanywi: kufuta bei ya mtu mchana, mwenyewe akiwa amekaa. Kufanya hivyo ni kumwambia, mbele za watu, wewe huna mahali hapa. Kwa umri wote wa soko lilikuwa limefanyika mara chache, na mara ya mwisho aliyelifanya alikuwa Bibi Chelewa mwenyewe. Tutafika huko.

Sasa, mabomba ya maji machafu chini ya uwanja yalikuwa yameoza. Ofisi ya jiji ikasema mawe yang'olewe, mabomba yatandikwe mapya, mawe yarudishwe. Wafanyabiashara wakahamishiwa kwenye uwanja wa malori, nyuma ya soko, na hawakuhama kwa furaha.

"Mwenye nyumba akikuomba utoke kidogo apake rangi," alisema mama muuza vyungu, "wewe toka na kitanda chako."

Lakini fundi mkuu wa mawe, mtu mzima mwenye vidole vinene na maneno machache, aliwaapia kwamba kila jiwe litarudi lilipokuwa. Jumatatu nzima vijana wake waling'oa. Kila jiwe waliliandika namba kwa chaki, na mhandisi wa jiji, msichana mwembamba mwenye karatasi kubwa, akaandika namba hiyo hiyo kwenye ramani yake. Jioni mawe yote yalikuwa yamepangwa safu safu kwenye ukuta wa wauza samaki, kila moja na namba yake usoni.

Jumatatu hiyo Bibi Chelewa hakuwapo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa mwaka mzima kuomba ruhusa, akaenda hospitali kuonyesha goti. Daktari alimwambia goti limezeeka. Akamjibu kwamba lile jingine lina umri ule ule na halilalamiki.

Jumanne alfajiri akaingia kazini. Akaukuta uwanja mchanga mtupu, mabomba mapya yameshafukiwa usiku, na mawe yake yameegemezwa ukutani kama abiria walioachwa na gari. Usoni mwa kila jiwe, chaki. Arobaini na saba. Mia na kumi na mbili. Tisini.

"Hata siku ya kuhama wameandika bei!" alisema peke yake. "Na bei zenyewe zimeshuka. Ama kweli hali ni ngumu."

Akachota maji. Aliona haya kwamba mawe ya bibi zake yalale nje na uchafu wa jana usoni. Akapiga goti lake bovu, akaanza safu ya kwanza. Hakufuta chaki tu. Alitoa udongo mbavuni, akatoa magamba ya samaki, akasugua mafuta ya miaka. Aliyaosha kama mtu anavyomwosha maiti anayempenda, taratibu, akigeuza, bila kuzungumza. Jua lilipotoka, mawe mia mbili na manane yalikuwa meusi, yanang'aa, hayana doa.

Fundi mkuu alikuwa wa kwanza kufika. Alisimama. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Bibi," alisema, "umefanya nini?"

"Nimeosha."

"Umeosha namba?"

"Nimeosha bei."

"Zile zilikuwa namba, bibi. Za kurudishia."

Bibi Chelewa alikuwa bado ameshika kitambaa. Alikitazama, kisha akakiweka ndani ya ndoo polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichokutwa nacho.

Mhandisi alipofika alifungua ramani yake. Ilikuwa ramani nzuri, kila jiwe na mahali pake, namba zimepangika kama meno. Akatazama ukutani, mawe masafi. Akatazama ramani. Akakaa chini.

Habari mbaya haihitaji toroli. Haukupita muda, wafanyabiashara wote wa uwanja wa malori walikuwa pale.

"Wazazi wangu, nisikilizeni," alisema mhandisi. "Mimi nina hadi Ijumaa jioni. Jumamosi wakubwa wanakuja kuufungua uwanja. Mawe yakiwa hayajarudi kwa mpango wake, nimeagizwa nimwage saruji. Mahali patagawanywa upya, kwa bahati nasibu."

"Bahati nasibu!" Mama muuza vyungu alishika kiuno. "Bibi yangu alipanda na jiwe kichwani, shingo ikalegea mpaka anakufa, leo mimi nishindane na kikaratasi ndani ya kofia?"

"Na aliyetufuta si mgeni," alisema mshona viatu waliyemwita Soli. "Ni huyu huyu wetu."

Watu wakaitazama ndoo yake. Ni heri wangempigia kelele. Bibi Chelewa alikuwa amebakiza siku ishirini kustaafu. Alikuwa ameshafikiria watakavyomuaga, pengine kwa kitambaa cha meza, pengine kwa hotuba ya uongo kidogo. Sasa aliona watakavyomkumbuka: yule bibi aliyefuta soko.

"Nitayarudisha," alisema.

"Kwa namba zipi?" aliuliza mhandisi, kwa upole.

"Namba ni zako, mwanangu. Mimi sikuwahi kuyaita kwa namba."

Walimpa kalamu na ramani. Akasimama katikati ya mchanga, akakunja uso, na halikuja hata jiwe moja. Kichwa kilikuwa kitupu kama gulio saa ya magharibi. Soli alikohoa. Wengine wakaanza kuondoka, na kuondoka kwao kulimuuma kuliko kikohozi cha Soli.

Ndipo akarudisha kalamu, akaenda kuchukua fagio. Akasimama langoni, pale alipoanzia kila siku, akainama, akafagia mchanga. Mara moja. Mara mbili. Mkono ukakumbuka.

"Hapa fagio linaruka," alisema. "Ni lile lenye kinundu. Lile pale, la tatu juu. Lete."

Fundi mkuu alilileta mwenyewe, kwenye toroli. Likaingia kwenye mchanga, kando yake likaacha nafasi.

"Hapa linanyamaza. Jiwe laini, lina mshipa mweupe. Hapa pana ufa, maji huingia yasitoke, miaka yote nauchokoa kwa ncha ya chelewa. Hapa... hapa linakwaruza. Hapana, si hilo, hilo linakwaruza kwa sauti nene. Lile jembamba."

Basi ikawa hivyo Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi. Bibi kizee anafagia mchanga mtupu akirudi kinyumenyume, fundi mkuu nyuma yake na toroli, mhandisi naye amekaa juu ya ndoo akiandika ramani upya. Aliyepita bila kujua angedhani ni wagonjwa watatu wametoroka mahali fulani. Lakini mawe yalikaa. Yalishikana ubavu kwa ubavu kama meno ya juu na ya chini, na jiwe likikataa, Bibi Chelewa alifagia tena mpaka akajua amekosea wapi. Wauzaji walianza kuja mmoja mmoja, kila mtu akasimama juu ya jiwe lake, akaenda zake. Jumatano jioni alikuja mzee muuza kamba, aliyekuwa hatembei bila mkongojo, akasimama juu ya lake akalia. Watu wakageuka kutazama upande mwingine, mpaka akamaliza.

Binadamu ni binadamu lakini. Alhamisi Soli alimletea viatu vilivyotiwa soli mpya bila kuombwa.

"Bibi yangu," alisema, akitazama angani, "jiwe langu unalikumbuka vizuri? Mimi nahisi kama lilikuwa karibu na lango. Kama mawe matatu hivi zaidi."

"Na mimi nahisi kama nilikuwa na miaka thelathini," alijibu Bibi Chelewa. "Tuanze na nani kumrudisha?"

Mama muuza vyungu naye alikuja kunong'ona kwamba, kama inawezekana, asogezwe kidogo kutoka kwa wauza samaki.

"Ulipokuwa ndipo utakapokuwa. Bibi yako alikuachia jiwe na harufu yake."

Viatu alivichukua. Alikuwa mwaminifu, hakuwa mjinga.

Ijumaa, jua likiwa limeanza kuinama, yalibaki mawe mawili ukutani na mashimo mawili uwanjani, yamekaa jirani, upande wa wauza vitunguu. Mawe yenyewe yalilingana kama mapacha. Bibi Chelewa akafika hapo akifagia kinyumenyume, akatupa mkono, na fagio likanyanyuka lenyewe, likapita juu, likatua upande wa pili.

Akarudia. Likanyanyuka tena.

"Vipi?" aliuliza fundi mkuu.

"Ngoja."

Mara ya tatu aliushikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Lakini mkono ulikuwa hauna la kusema. Hapakuwa na kinundu wala ufa, palikuwa na pengo. Akasimama, akaelewa. Katika uwanja mzima, jiwe ambalo hakuwahi kulifagia kwa miaka kumi na minane lilikuwa jiwe la mama yake mzazi.

Ilikuwa hivi. Mama yao aliuza vitunguu hapo maisha yake yote. Binti wa kwanza akaajiriwa kufagia, na mwajiriwa wa jiji haruhusiwi kuuza uwanjani, kwa hiyo ilijulikana kwamba jiwe litakwenda kwa mdogo. Ilijulikana, lakini haikusemwa, na lisilosemwa huchacha. Mama alianguka usiku mmoja akafa kabla ya asubuhi. Kesho yake wakamzika. Kesho kutwa, Bibi Chelewa yuko uwanjani na macho yamevimba, anamwona mdogo wake amekaa juu ya jiwe la mama, mbele yake vitunguu, na chaki mkononi anaandika bei. Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye kucha zake. Bibi Chelewa hakuuliza. Alikwenda na kitambaa kibichi, mchana kweupe, wateja wamesimama, akaifuta ile bei.

Mdogo wake hakupiga kelele. Aliandika tena, herufi kubwa zaidi, akasema, "Tangu leo fagio lako lisiguse jiwe hili."

Na halikugusa. Kila alfajiri mkono ulifika pale ukaruka, mpaka ukasahau ulichokijua kabla. Jiwe la jirani, ambalo mwenye nalo alikuwa amempangisha mdogo wake aweke magunia, nalo likaingia kwenye mruko huo huo. Dada wawili, tumbo moja, soko moja, miaka kumi na minane, salamu hakuna. Wakikutana msibani walikaa pembe mbili kama nguzo.

"Saa mbili zimebaki, bibi," alisema mhandisi. "Tuyaweke tu vyovyote? Yanalingana. Hakuna atakayejua."

"Yupo mmoja atakayejua," alisema Bibi Chelewa. "Na wa pili ni mimi."

Akaweka fagio begani, akaelekea uwanja wa malori.

Mdogo wake alikuwa amekaa juu ya gunia, kivulini mwa lori bovu. Watu walimwita Mama Vitunguu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Miezi kadhaa sasa alikuwa akiletwa na kurudishwa kwa mkokoteni. Alimwona dada yake anakuja, akashughulika kupanga vitunguu vilivyokuwa vimepangika.

Bibi Chelewa akasimama mbele yake.

"Mama," alisema Mama Vitunguu bila kuinua uso, kama anayemwambia mteja yeyote, "vitunguu ni vya kununua, si vya kutazama."

"Nipe kilo."

"Kilo ya nini? Unaishi peke yako."

Kwa hiyo anafuatilia, aliwaza Bibi Chelewa.

"Mawe yamebaki mawili," alisema. "Siyajui. Yote mia mbili na sita nimeyajua, hayo siyajui."

"Utayajuaje? Uliyaruka."

"Uliniambia nisiguse."

"Nilikuambia kwa hasira, siku moja. Wewe ukanitii miaka kumi na minane. Tangu lini wewe ukanitii mimi?"

Muuza ndizi wa jirani alianza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Mama alizikwa jana yake," Bibi Chelewa alisema kwa sauti ndogo. "Na wewe unaandika bei."

Sasa mdogo wake aliinua uso. Ulikuwa uso wa mama yao kabisa, hasa alipokasirika.

"Hesabu siku, dada. Siku ya kwanza amekufa. Siku ya pili tumezika. Ile ilikuwa ya tatu. Jua linapanda, na yule mkata nyama ameshasimama pembeni na chaki nyuma ya sikio, anangoja lichwe. Nani angelishika jiwe la mama? Wewe ulikuwa na sare ya jiji. Nimetoka kaburini, sijaoga, nimeazima vitunguu vya watu nikaandika bei mradi iwepo bei. Sikuuza hata kimoja siku ile. Nilikaa pale ninalia kwa ndani. Ukaja wewe, na mimi nikasema moyoni, afadhali, dada anakuja kukaa na mimi. Kumbe umeshika kitambaa."

Lori moja liliunguruma likazima. Bibi Chelewa, aliyejua sheria za uwanja ule kuliko mtu yeyote, aliyewahi kuwahesabia watu wengine siku tatu kwa vidole, alikuwa hajazihesabu hizo.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungenisikia?"

Mwisho akasema, "Nilifuta."

"Ulifuta. Mbele ya watu." Mama Vitunguu alijikung'uta maganda mapajani. "Haya, nitaendaje huko? Hii miguu imekuwa ya tembo na mwenye mkokoteni haji mpaka jioni. Usidhani nakwenda kwa ajili yako. Jiwe ni la mama."

Basi fundi mkuu akaitwa na toroli lake. Alimtazama mama yule, akatazama toroli, akatandika gunia. Wakampakia.

"Jiwe la mia mbili na tisa," alisema Mama Vitunguu. "Fundi, ukiniangusha nitavunja mabomba yako mapya."

Toroli lililia gurudumu njia nzima. Bibi Chelewa alitembea kando, mkono mmoja ameushika ukingo wa toroli, ingawa halikuhitaji kushikwa. Watu waliacha mizani wakawafuata. Kila mtu sokoni alizijua hizo pembe mbili za msibani, na sasa zinakuja pamoja.

Uwanjani, mawe mawili yalilazwa mchangani. Soli alikuwapo, mama muuza vyungu alikuwapo, wote walikuwapo. Fundi mkuu alikuwa anamsaidia Mama Vitunguu kushuka, ndipo Bibi Chelewa akasema, "Bado."

Alilaza fagio chini. Hakuwa mtu wa hotuba. Alikuwa amezoea kusema na migongo ya watu walioinama.

"Miaka kumi na minane iliyopita," alisema, "nilifuta bei ya mdogo wangu mchana. Wengi mlikuwapo. Haikuwa haki yangu. Alikuwa mahali pake, na aliyemweka pale ni mama. Nilifuta mbele yenu, nasema mbele yenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Halikuwa jambo la makofi. Mzee wa kamba aliinamisha kichwa, mama muuza vyungu akavuta ncha ya nguo yake akafuta pua.

"Umemaliza?" alisema Mama Vitunguu. "Nivue viatu. Siwezi kuinama."

Bibi Chelewa alipiga goti lake bovu, akamvua mdogo wake viatu kama alivyomvua alipokuwa wa miaka minne. Mama Vitunguu akakanyaga jiwe la kwanza, akasikiliza kwa unyayo, akaliacha. Akakanyaga la pili. Hakuliacha.

"Hili."

"Una hakika?"

"Vua na wewe. Weka kisigino cha kushoto. Hapo, pembeni."

Bibi Chelewa akavua kiatu cha soli mpya. Akaweka kisigino. Jiwe lilikuwa na bonde dogo, laini, lisiloonekana kwa macho, na kisigino kikatumbukia kikakaa, kama yai kwenye kiota. Mama yao alikuwa akikaa kwenye kigoda ameunyoosha mguu wa kushoto, uliokuwa ukimsumbua, amechomeka kisigino hapo. Miaka arobaini na kitu. Jiwe lilikuwa limempisha kidogo kidogo. Na mguu wa binti yake mkubwa ulikuwa mguu wake ule ule.

Hakuuondoa upesi. Mhandisi alitazama saa, akaificha ndani ya mkono wa shati.

"Bonde linatazama wapi?" aliuliza fundi mkuu mwishoni, maana jiwe lina kichwa na miguu.

"Langoni," alisema Mama Vitunguu. "Mama alikaa akitazama lango. Huyu alikuwa akianza kufagia pale asubuhi. Mama alikuwa hanywi chai mpaka amwone huyu amefika."

Bibi Chelewa hakuwa akilijua hilo. Alikuwa siku zote akifagia kinyumenyume, mgongo kwa mama.

Likalazwa, likatazama lango. La jirani likafuata. Jua lilikuwa bado halijazama.

Jumamosi wakubwa walikuja na mkasi na utepe. Kibao kipya cha shaba kilifunuliwa, kikasema ukarabati ulifanywa chini ya uongozi mahiri wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona na koleo. Mhandisi aliona haya, akatazama viatu vyake. Walipoondoka watu waliandika bei, na soko likaanza kupiga kelele, maharusi wawili wakaja na mpiga picha wao, wakasimama pale pale penye nyanya.

Jumapili alfajiri Bibi Chelewa aliingia kwa lango kama kawaida. Alifuta chaki ya mzee wa kamba, ya Soli, ya muuza vyungu. Akafika upande wa vitunguu, mkono ukaanza kuruka, akausimamisha.

Bei ya jana ilikuwapo, mwandiko wa mdogo wake, herufi kubwa kuliko lazima. Na kwenye pembe ya jiwe palikuwa na kitambaa, kimekunjwa vizuri, kimewekewa kitunguu juu kisipeperuke.

Alikilowesha. Alifuta bei taratibu, kuanzia kushoto, mpaka jiwe likabaki jeusi tupu. Kisha akasimama, akalishika fagio, akafagia jiwe la mama yake. Akafagia tena, ameinamisha sikio. Lilikuwa linakwaruza kidogo upande wa juu, na kwenye bonde la kisigino fagio lilizama, likatoka bila sauti.

Alikuwa amebakiza alfajiri kumi na tano. Kitunguu akakitia mfukoni, akaendelea kinyumenyume kuelekea wauza samaki.